Nyumba Hii Haiuzwi

Mbarara, 9 Februari 2005

Yaya Constantin,

Nakusalimia, kaka yangu, wewe na Mama na wote walio kwako, pamoja na kanisa letu la hapo kambini Nakivale, kwa jina la Mungu aliyetutoa mbali. Sisi huku ni wazima. Bienvenu bado anashonea nguo kwenye baraza la lile duka la vitambaa, na kazi ipo ipo. Teta ameanza shule ya watoto wadogo. Anatusalimia kwa Kinyankore, lugha ya huku, na kutucheka tukishindwa kumjibu.

Sasa habari yenyewe. Tumehamia. Tangu Jumamosi tunalala kwenye nyumba yetu. Nimeandika "yetu" nikasimamisha kalamu kidogo. Ni vyumba vitatu, mabati mazima, chini simenti, na bomba la maji liko uani, sigombani tena na mtu kwenye foleni. Nyuma kuna migomba michache. Mutware, yule aliyetuuzia, alikuwa na haraka ya kuhamia Kampala, ndiyo maana hakuvutana nasi kwenye bei. Na kabla ya kutukabidhi alipaka rangi nyumba nzima, hata dari, hata ndani ya stoo. Bienvenu alisema huyo ni mtu wa heshima, ni nani siku hizi anampakia rangi mtu anayenunua? Mkataba tuliusaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Harufu ya rangi bado ipo. Inapanda mchana, jua likichoma mabati. Itaisha.

Yaya, najua ni ng'ombe gani walioingia kwenye kuta hizi. Uliwafuga tangu tulipofika hapo hatuna hata kikombe, na siku mnunuzi alipowachukua hukutoka nje. Kwa hiyo nyumba hii ni ya Mama, ni yako, ni ya sisi wote. Mwambie Mama chumba cha upande wa asubuhi ni chake.

Mdogo wako,
Eugénie


Nakivale, 3 Machi 2005

Mdogo wangu Eugénie,

Bwana asifiwe. Barua yako imefika kwa mkono wa dereva wa pikapu ya mahindi, ina mafuta ya gari lakini inasomeka. Kwa kuwa huku simu haishiki, tuendelee hivyo hivyo.

Tunaendelea vizuri. Mvua imeanza na tumepanda maharagwe. Shemeji yetu Bienvenu nampongeza. Nilimsomea Mama barua yako, akaniambia rudia ile sehemu ya bomba. Nimeirudia mpaka majirani wanaijua. Jumapili tuliitolea shukrani nyumba hiyo kanisani. Ndugu Musoni, yule tuliyekimbia naye kutoka Uvira, ndiye aliyeomba, na baada ya ibada aliniuliza kama mtaa wenu una nyumba nyingine inayouzwa. Biashara yake ya samaki wakavu inaenda vizuri.

Kifua cha Mama kimerudi kama mwaka juzi. Huku ni vumbi, na moshi wa kuni unabaki chini ya turubai letu la shitingi kama mgeni asiyeaga. Nataka awe karibu na hospitali kubwa. Nitamleta baada ya mavuno, mwezi wa sita. Na mimi mwenyewe kuna jambo nalipanga, nitakwambia tukionana.

Tayarisha chumba.

Kaka yako,
Constantin Sebagabo


Mbarara, 30 Mei 2005

Yaya,

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Pikapu ilipita mara nyingi na kila mara barua haikuwa tayari. Namshukuru Mungu kwa mvua yenu. Mwambie Mama nimemshonea gauni la kitenge, Bienvenu amelimaliza jana.

Teta ana kikohozi. Macho yake pia yanawasha na yamekuwa mekundu, mwalimu alimrudisha nyumbani akidhani ni ule ugonjwa wa macho unaoambukiza. Nampeleka kliniki, wanampa dawa, anapata nafuu, kisha anarudia. Mimi ni kichwa tu, kinaniuma kuanzia asubuhi, nikienda sokoni kinaacha. Pengine ni hali ya hewa ya mjini.

Juu ya safari ya Mama, naomba msubiri kidogo. Chumba hakijawa tayari. Rangi inavimba na kutoka ukutani kama ngozi ya mtu aliyeungua, na chini yake kuna madoa ya njano. Bienvenu alikwangua akapaka upya, madoa yakarudi. Misumari na nondo za madirisha zimeliwa na kutu kama nyumba iliyokaa miaka mingi majini. Kuku wawili niliowaleta wamekufa. Basi tunaona ni vizuri tutengeneze kwanza.

Siku hizi tunalala barazani kwa ajili ya joto.

Usimwambie Mama habari za Teta.

Eugénie


Nakivale, 19 Juni 2005

Eugénie,

Salamu. Sisi tupo. Maharagwe tumevuna, si haba.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta sababu. Mbarara hakuna joto la kumtoa mtu chumbani mwezi wa tano, mimi nilipita huko, nilivaa koti. Rangi ya ukuta haiwezi kumzuia mtoto kumpokea mama yake. Mama hajawahi kulala kwenye nyumba iliyopakwa rangi tangu tulipoacha milima yetu, na hajauliza rangi.

Watu huku wanasema maneno. Wanasema aliyekanyaga simenti hataki tena miguu yenye matope ndani kwake. Mimi nawaambia si hivyo. Niambie wewe kama si hivyo.

Mama anakohoa. Mwezi wa nane namleta. Usiniandikie tena habari za kusubiri.

Constantin


Mbarara, 22 Agosti 2005

Yaya Constantin,

Nakusalimia. Namsalimia Mama, lakini barua hii usimsomee. Isome ukiwa peke yako, na ukiwa tayari umepakia mzigo wa safari, ushushe.

Si hivyo wanavyosema watu. Ningekuwa na fasi safi hata ya upana wa mkeka, Mama angekuwa hapa tangu mwezi wa tatu.

Mwezi uliopita Teta alishindwa kupumua. Tulikimbia naye hospitali. Dokta alimpa hewa, akatupima wote watatu, kisha badala ya kuandika dawa akauliza, "Nyumba mnayoishi, zamani ilikuwa ya nani?" Nilishangaa. Nikamwambia habari za rangi, kutu na kuku. Akasema, "Mama, toka kwanza kwenye hiyo nyumba. Dawa ni baadaye."

Niliporudi nilimwuliza jirani yetu, mama mmoja anayeuza maziwa. Alitazama chini. "Mimi nilifikiri munajua," akasema. "Kabla yenu kulikuwa wanaume. Mutware aliwapangisha. Madirisha walifunga na blanketi, mchana na usiku. Walikuwa wanapika kitu. Sisi tulikuwa tunaziba pua." Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Wewe ulikuwa umeshalipa. Ningesema nini?"

Walikuwa wanapika dawa za kulevya, yaya. Vidonge. Moshi wake na maji yake makali ndiyo yaliyoingia kwenye plasta, kwenye mbao, kwenye simenti ile niliyokusifia. Dokta alinieleza kwamba rangi haizuii kitu. Jua likipiga bati, sumu inatoka tena ukutani na sisi tunaivuta. Mtoto anaumia kwanza kwa sababu anacheza chini na mkono unaenda mdomoni. Mtu mwenye kifua kama cha Mama asingemaliza wiki.

Nilitaka kukuandikia siku ileile. Lakini polisi wakatangulia. Mtu mmoja aliyekamatwa mpakani aliitaja nyumba yetu. Walikuja asubuhi tukinywa chai barazani, wakaenda moja kwa moja kwenye migomba, wakachimba. Walitoa mapipa ya plastiki, mengine yamepasuka, na udongo wa pale ni mweusi na hauna hata mdudu.

Afande akamwita Bienvenu. "Hii nyumba ni ya nani?"

"Ni yetu, afande."

"Basi hata hii vitu ni yenu."

Bienvenu akamwambia tumenunua juzi tu, kwa mtu anayeitwa Mutware. Afande akajibu bila hasira yoyote, "Mimi Mutware sijamuona. Mimi nimeona wewe." Wakamfunga pingu mbele ya Teta.

Alikaa ndani mpaka mwenyekiti wa mtaa na mchungaji wa hapa walipomdhamini. Sasa yuko nje, lakini kila Jumatatu lazima aripoti kituoni, na haruhusiwi kutoka mjini. Mutware hajulikani alipo, simu yake imezimwa. Mwanasheria mmoja alitusomea mkataba wetu. Umeandikwa kwamba tumenunua nyumba na kiwanja kama vilivyo, pamoja na vyote vilivyomo. Mimi nilidhani maneno hayo ni ya bomba na migomba. Tukimpata Mutware tunaweza kumshtaki. Tusipompata, mwenye nyumba ni Bienvenu.

Afisa wa afya wa mji naye alikuja, akasimama nje, hakuingia. Alisema mwenye nyumba ndiye wa kuisafisha, kubandua plasta yote, kung'oa dari, kuchimba udongo na kuupeleka fasi iliyoruhusiwa. Na tukimpangisha mtu akaugua, kesi ni yetu. Nikamwuliza, "Na sisi wenyewe tukiugua?" Akafunga faili.

Tunaishi barazani. Kurudi huko na Bienvenu hatuwezi kwa sababu ya polisi. Kupanga fasi nyingine hatuwezi kwa sababu kila tulichokuwa nacho kiko kwenye kuta hizi. Usimlete Mama.

Eugénie


Nakivale, 11 Septemba 2005

Mdogo wangu,

Nimesoma. Nilikaa na barua yako kilimani mpaka watoto wa kanisani wakaja kunitafuta.

Mama nimemwambia safari imeahirishwa kwa ajili ya barabara. Alifungua mzigo wake mwenyewe, akakunja nguo moja moja.

Wewe umeniandikia yote, mimi siwezi kuandika yote. Lakini jua kwamba hapa nilipo si kama ulivyopaacha. Sina fasi ya kurudi nyuma.

Sasa nisikilize kama kaka yako. Ndugu Musoni bado anatafuta nyumba Mbarara. Ana uwezo. Nimemwambia kwamba Bienvenu anataka kuuza ili ahamie karibu na kazi. Atakuja mwezi ujao. Pakeni rangi. Fungueni madirisha siku nzima kabla hajafika, na aje asubuhi, kabla ya jua kupanda. Ile fasi mliyochimbiwa pandeni viazi vitamu.

Najua unavyonifikiria sasa hivi. Mimi ni mzee wa kanisa, siku ya Jumapili nashika mkate kwa mikono hii. Lakini Mutware alitufanyia hivyo na hakuna aliyemwuliza kitu. Musoni ana pesa ya kubomoa akitaka na kujenga upya, sisi hatuna. Bienvenu akipata pesa atampata mwanasheria. Teta atapata dawa. Mama atapata chumba popote pale. Huo ndio mlango tulio nao. Sijaona mwingine.

Ukimaliza kusoma, ichome.

Constantin


Mbarara, 16 Oktoba 2005

Yaya,

Nakusalimia, na Mama namsalimia. Teta amelazwa tena kisha ametoka.

Musoni alikuja Alhamisi. Hakuja peke yake kama nilivyodhani, alikuja na mkewe, Uwamahoro. Hukuniandikia kwamba ana mimba. Pengine hukuijua, ingawa ni kubwa.

Bienvenu alikuwa amepaka rangi. Nisikufiche hilo. Alipaka siku mbili akiwa amefunga kitambaa puani, na mimi nilimshikia ngazi. Viazi pia tulipanda. Walipofika saa mbili asubuhi nyumba ilikuwa inapendeza kuliko siku tuliyoinunua sisi.

Musoni alipima vyumba kwa hatua zake, akagonga milango, akafungua bomba, akafurahi. Alituombea hata kabla ya kuzungumza bei. Uwamahoro aliingia kwenye kile chumba cha upande wa asubuhi. Nilimfuata. Alikuwa amechoka na safari, akaegemea ukuta kwa mgongo na mikono yote miwili, akafumba macho.

"Ni baridi vizuri," akasema. "Hapa tutaweka kitanda cha mutoto."

Yaya, nilijaribu. Nilihesabu kimya kimya yote uliyoniandikia, Bienvenu, Teta, Mama. Kisha nikamshika mkono nikamtoa ukutani. Nikamwambia, "Dada, toka humu. Osha mikono yako."

Akacheka, akadhani rangi ni mbichi. Nikamvuta mpaka uani, nikamnawisha mwenyewe bombani. Wanaume wakatoka. Musoni akauliza, "Kuna nini?"

Nikawaambia yote. Niliwaonyesha udongo mweusi chini ya viazi. Bienvenu alikaa kwenye ngazi ya baraza akaweka kichwa kati ya magoti. Hakunizuia. Hajanisemesha tangu siku hiyo isipokuwa mambo ya mtoto, na mimi simlaumu.

Musoni alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. Alimwambia mkewe aende akasubiri barabarani, kisha akanigeukia akaniuliza swali moja.

"Constantin alijua?"

Sitakuandikia nilichofanya.

Tumetoka kwenye nyumba. Mchungaji ametupa stoo ya kanisa, kule wanakoweka viti vya harusi. Tunalala kati ya viti.

Eugénie


Mbarara, 11 Desemba 2005

Yaya Constantin,

Pikapu imepita kila wiki na kila wiki dereva ananionyesha mikono mitupu. Kama umekasirika, andika umekasirika. Kama Mama amezidiwa, andika hilo hata kama ni mstari mmoja.

Mimi nitakupa habari za hapa. Watu wanaendelea kuja kuiulizia nyumba. Wanaiona tupu, ina rangi mpya, ina bomba, wanamwuliza yule mama wa maziwa mwenye nyumba ni nani. Jumanne iliyopita nilikuta wanafunzi wawili wamevunja kufuli na kutandika magodoro ndani. Niliwafukuza, wakaniona mchawi. Basi nimechukua mkaa na mafuta machafu ya gereji nikaandika ukutani mbele, kwa herufi za kimo changu, NYUMBA HII HAIUZWI. Bienvenu akaongeza kwa Kiingereza na Kinyankore. Wapita njia wanadhani ni ugomvi wa urithi. Mwenyekiti wa mtaa ananiambia nimeharibu sura ya mtaa. Nimemwambia aandike ripoti, ripoti hiyo aipeleke kwa yule afande.

Kesi ya Bienvenu imesogezwa tena. Kila Jumatatu anaenda, anasaini, anarudi kushona. Juzi alinisemesha. Alisema, "Ungekuwa umenyamaza, ningekuwa huru." Baadaye akasema, "Lakini ningekuwa nakwepa kila mwanamke mwenye mimba." Kisha akaniomba chumvi.

Sasa jambo langu. Dokta anasema mapafu ya Teta yanaweza kupona kama hatarudi hata uani pale, na kama atapata hewa ya wazi. Hapa stoo hakuna dirisha. Sisi tumefungwa na polisi na nyumba, yeye hajafungwa na kitu. Namtuma kwako Jumamosi ijayo kwa pikapu hiihii, dereva ameahidi kumketisha mbele. Mpe fasi mbali na moshi wa kuni, hata kama ni nje, chini ya turubai. Usiku mwingine hulia macho yakimwasha, mwoshe kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa na kupozwa.

Wengine wanatoa watoto kambini kuwaleta mjini wapone. Mimi wa kwangu namrudisha. Usinijibu kama huwezi, ila mpokee.

Eugénie


Nakivale, 8 Januari 2006

Mdogo wangu mpenzi,

Bwana asifiwe. Teta amefika, nawe umeshajua kwa dereva. Usiku wa kwanza alikohoa, wa pili kidogo. Sasa analala mpaka jogoo. Anatufundisha Kinyankore, Mama anakosea makusudi ili acheke. Mama yuko hivyohivyo, siku nzuri na siku mbaya. Amenunuliwa dawa ya kuvuta na inamsaidia.

Hukupata barua yangu kwa sababu sikuandika. Nilianza nyingi.

Kuna jambo lile nililosema nitakwambia tukionana. Nilikuwa nimekwisha kulitenda. Mwezi wa saba, nikiwa na uhakika tunahamia kwenu, niliachia shamba na nyumba yetu kwa familia iliyofika kutoka Fizi. Nilitia kidole kwenye karatasi za ofisi. Tangu hapo mimi na Mama tunakaa kwenye banda la mbuzi la kanisa, tumeliziba kwa shitingi. Ndiyo maana nilikuandikia vile juu ya Musoni. Si sababu ya kutosha, lakini ndiyo sababu.

Siku Teta alipokuja, mvua ilikuwa imekata njia na pikapu ikakwama mbali, kule chini kwenye tope. Nilikwenda kwa miguu kumpokea. Nilipofika nusu ya njia nikamwona mtu anapanda kilima, amembeba mtoto mgongoni kwa kitenge, kama mama. Alikuwa Musoni. Alikuwa ndani ya pikapu hiyo na samaki wake.

Tangu alipotoka kwako alikuwa ananisalimia kanisani kama kawaida, na mimi kila Jumapili nilikuwa nageuza uso. Pale njiani hapakuwa na fasi ya kugeuzia uso. Nikanyoosha mikono nimpokee Teta. Akasema, "Amelala. Acha nimfikishe."

Tukatembea. Nikamwuliza habari za mkewe. Akasema amejifungua msichana, wote wazima. Baadaye akasema, "Nilimwuliza dada yako kama ulijua. Alifungua mdomo, akaufunga. Akaingia kuniletea maji ya kunywa."

Nikamwambia, "Nilijua. Mimi ndiye niliyesema mje asubuhi."

Hakusimama. Alimpandisha Teta vizuri mgongoni, tukaenda mpaka kwenye banda. Aliona tunapokaa. Nadhani alikuwa amesikia tu. Alimlaza Teta kwenye mkeka wa Mama, akaketi kidogo, akanywa uji, akaondoka. Sijui kama tumesameheana. Jumapili hii sikushika mkate, nilimwomba mzee mwingine. Musoni alikuwa amekaa benchi lake la kila siku, na nilipopita akasogea ili nikae.

Mama sasa anajua yote. Nilimsomea barua zako kwa mfululizo, mchana kutwa. Nilidhani ataulizia ng'ombe. Aliuliza tu kama wewe na Bienvenu bado mnalala kati ya viti, na kama mna blanketi. Anakutumia lake kwa dereva huyu. Usilirudishe, atakasirika.

Kaka yako,
Constantin